Maisha ya baada ya utumwa: dhana iliyokuzwa na waandishi wanawake Weusi wa Marekani

Maisha ya baada ya utumwa ni dhana inayoeleza hali ambamo utumwa umefutwa kisheria, lakini vipimo vilivyotumika kupanga thamani ya binadamu katika zama hizo vinaendelea kuamua nani ataishi vizuri na nani ataishi kwa shida. Msomi Mweusi wa Marekani, Saidiya Hartman, aliieleza hivyo mwaka 2007 katika kitabu chake Lose Your Mother, alichokiandika baada ya kwenda Ghana kuzifuata njia walizopitishwa mateka hadi pwani. Dalili anazozitaja ni nafasi finyu za maisha, elimu na matibabu visivyofikika, kufa mapema, kufungwa jela na ufukara. Hadai kwamba hakuna kilichobadilika tangu utumwa ulipofutwa Marekani mwaka 1865. Anachodai ni kwamba deni lililoachwa na utumwa halijawahi kulipwa, na kwamba wanaoubeba mzigo wake wanajulikana kwa rangi yao.

Dhana hii imekuzwa zaidi katika maandishi ya wanawake, na sababu yake imo katika sheria yenyewe. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ni mtu huru. Sheria za Uingereza zilikuwa zimezoea kumhesabia mtoto upande wa baba, kwa hiyo mabadiliko hayo yalikuwa ya makusudi. Bwana aliyembaka mwanamke aliyemmiliki hakulazimika kulea mtoto, alijiongezea mali. Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, uzazi wa wanawake hao ukawa tegemeo kubwa la mfumo mzima, na kufikia mwaka 1860 nchi hiyo ilikuwa na watumwa wanaokaribia milioni 4. Mwanamke Mweusi anapoandika kuhusu urithi wa utumwa, basi, anaandika juu ya kitu kilichopitishwa katika tumbo la uzazi la bibi zake.

Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani huko Edenton, North Carolina, alilisema jambo hilo waziwazi mwaka 1861 katika Incidents in the Life of a Slave Girl, akitumia jina la Linda Brent. Ili kumkwepa bwana aliyemwandama tangu usichana wake, alijificha kwa karibu miaka 7 kwenye upenyo chini ya paa la banda lililoungana na nyumba ya bibi yake, mahali penye urefu wa futi 9 na upana wa futi 7, ambapo sehemu iliyoinuka zaidi ilikuwa futi 3 tu, kiasi kwamba hakuweza kusimama. Humo gizani aliokota kekee, akatoboa matundu ubaoni moja baada ya jingine hadi likapatikana tundu la inchi moja hivi, na kupitia hapo akawa anawaangalia watoto wake barabarani bila wao kujua kwamba mama yao yuko juu yao.

Kuna kisa kingine katika kitabu hicho ambacho, kwa maoni yangu, kinaeleza umaskini wa kurithishwa kuliko takwimu yoyote. Bibi yake Jacobs alikuwa akioka biskuti usiku, baada ya kumaliza kazi za mwanamke aliyemmiliki, akaziuza hadi akaweka akiba ya dola 300 ili awanunulie watoto wake uhuru. Mmiliki wake huyo akazikopa. Alipofariki, msimamizi wa mirathi alisema hakuna cha kulipa, kwani mtumwa, akiwa yeye mwenyewe ni mali, hawezi kumiliki mali. Vinara vya fedha vilivyonunuliwa kwa pesa zile vilibaki katika familia ya wakopaji. Mwaka 1852 Jacobs mwenyewe alinunuliwa uhuru na rafiki yake huko kaskazini, na bei ilikuwa dola 300 zilezile.

Uhuru ulipokuja, mali ya Mweusi haikupata usalama. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalifuta utumwa mwaka 1865 isipokuwa kama adhabu ya kosa, na majimbo ya kusini yaliitumia sana nafasi hiyo kuwakodisha wafungwa kwa kazi ngumu. Mwandishi wa habari Ida B. Wells alianza kuchunguza mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu bila hukumu ya mahakama mwaka 1892, baada ya rafiki zake watatu kuuawa Memphis. Duka lao la vyakula lilikuwa likishindana na la Mzungu. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba madai yaliyotajwa kila mara, kwamba waliouawa walikuwa wamewabaka wanawake wa Kizungu, yalikuwa mara nyingi kisingizio. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwa.

Toni Morrison aliipa dhana hii umbo la riwaya. Beloved, ya mwaka 1987, imechipuka kutoka kisa cha Margaret Garner, aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 kwa kuvuka mto Ohio uliokuwa umeganda, na alipozingirwa akamuua binti yake ili asirudishwe utumwani. Mawakili walibishana kama ashtakiwe kwa mauaji, jambo ambalo lingemtambua yeye na mwanawe kuwa watu, au arudishwe kwa mmiliki wake kama mali. Akarudishwa. Lakini Morrison anaianza hadithi mwaka 1873, katika nyumba ya mama aliye huru, na humo ndimo binti marehemu anamorudi.

Leo mwanamke Mweusi nchini Marekani ana uwezekano wa takriban mara tatu zaidi ya Mzungu kufariki kwa sababu za uzazi, na malalamiko ya kutosikilizwa anapoeleza maumivu yake ni ya kawaida. Maandishi ya Jacobs yalipatwa na jambo lilelile: kwa miongo mingi wasomi waliyachukulia kuwa riwaya, wengine wakidhani yametungwa na mhariri wake Mzungu, Lydia Maria Child, hadi msomi Jean Fagan Yellin alipothibitisha kwa barua na kumbukumbu, katika miaka ya 1980, kwamba mwandishi ni Jacobs na aliyoyasimulia yalitokea.