Je, wajua kwa nini mtunza wazee mmoja Marekani husoma saa 75 na mwenzake hasomi hata moja?

Ukiwa na ndugu Marekani, bila shaka umewahi kusikia "anafanya kazi ya wazee". Kwa Wakenya wengi wanaofika Minnesota, Massachusetts au jimbo la Washington, huo ndio mlango wa kwanza wa ajira. Sasa waulize wawili walisomea muda gani. Mmoja atakwambia alikaa darasani wiki mbili na mtihani juu yake. Mwingine alipigiwa simu Ijumaa, Jumatatu akawa jikoni kwa mzee anakoroga uji. Wote wawili wanaogesha, wanavalisha, wanabadilisha nepi, na hakuna aliyevunja sheria.

Tofauti iko kwa anayelipa. Kampuni inayotuma wahudumu wa afya majumbani na kulipwa na Medicare, bima ya serikali kuu kwa wenye miaka 65 na zaidi, inafungwa na kanuni zilizotokana na sheria ya mwaka 1987: mafunzo yasipungue saa 75, na kati ya hizo 16 ziwe za vitendo chini ya jicho la muuguzi. Kila mwaka zinaongezwa saa 12 za kujinoa. Aliye na cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, anaruhusiwa kuingia kwa cheti hicho.

Familia ikimwajiri mtu yenyewe, kwa fedha zake, kanuni hiyo haimgusi. Kati ya hali hizo mbili kuna sheria za majimbo, na kila jimbo lina yake. California hudai saa 120 kwa mhudumu wa afya wa nyumbani, lakini saa 5 tu kwa mtunzaji wa kawaida aliyeajiriwa na kampuni. Washington walipiga kura mwaka 2011 kutaka saa 75 hata kwa watunzaji wa kawaida, ingawa mtu anayemtunza mzazi wake mwenyewe hupunguziwa.

Kwa nini pengo kubwa hivyo? Nadhani ni kwa sababu kazi hii kwa muda mrefu haikuhesabiwa kuwa kazi. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipanua sheria ya kima cha chini cha mshahara, likawaacha nje wanaokaa na wazee "kuwapa kampani", kapu moja na vijana wanaoangalia watoto jioni mara mojamoja. Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaika aliyetunza wazee New York, alidai malipo ya saa za ziada hadi Mahakama ya Juu. Alishindwa mwaka 2007.

Hizo saa zinafundisha nini, basi? Mambo ambayo mtu hudhani anayajua. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja: mkono dhaifu ndio unaoingia kwenye shati kwanza, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Kiti cha magurudumu kinasogezwa upande wenye nguvu, breki zinafungwa, ndipo mzee anashikwa kwa mkanda wa kiunoni na kuinuliwa. Usimvute kwa makwapa, utamtegua bega. Hata kunawa mikono kuna mtihani wake: sabuni, sekunde 20 za kusugua, kisha bomba lifungwe kwa karatasi safi na kavu, maana ulilifungua kwa mikono michafu. Shangazi aliyemuuguza bibi miaka kumi kijijini anaweza kuanguka mtihani hapo hapo kwenye bomba.

Wanaopenda kurudi nyumbani kidogo wajue pia kwamba mafunzo haya yana muda wake. Kwa kanuni ya Medicare, miezi 24 mfululizo ikipita bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, yale ya mwanzo hayahesabiki tena. Ukikaa Eldoret miaka miwili na ushee, ukirudi unaanza upya.