Kilomita chache si dhamana ya gari zima

Wanunuzi wengi wa Toyota Probox au Fielder iliyotumika hapa Dodoma huchungulia dashibodi kwanza: kilomita 70,000, basi gari zima. Sivyo. Namba hiyo hurudishwa nyuma kirahisi. Tazama raba ya pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika sana, huenda dashibodi inakudanganya. Kwa gari lililoagizwa Japani, omba cheti cha usafirishaji, kina kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa huko, kisha linganisha na za dashibodi. Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye nyingi za gari hizi, hutumia cheni, si mkanda wa taimingi unaohitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita fulani, kwa hiyo kilomita nyingi peke yake zisikutishe. Mimi ningechukua ya kilomita 180,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati. Na kwa vumbi letu hili, fungua ea klina (chujio la hewa ya injini) kabla hujataja bei.