Themostati ya baridi kwenye pikapu ya nguvu: yanayosemwa Malindi na ukweli wenyewe

Kaskazi ikishakolea hapa Malindi, mwezi wa pili wa tatu hivi, lami ya saa nane mchana huwezi kuikanyaga peku, hapo ndo kila mwenye pikapu anageuka injinia. Huyu atakwambia toa themostati tupa, yaani kile kimlango kinachoachia maji ya injini yaende rejeta, yule ameagiza ya digrii 71 manake ameona Wamarekani wanafunga kwenye pikapu zao za mbio, mwengine anasema kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi zenye barafu. Ubaya wa haya maneno si uongo mtupu, mengi yana ukweli kidogo ndani yake, mtu anashika hicho kidogo anaenda nacho mpaka hedi gasketi inaungua, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Dhana: Ukifunga themostati ya baridi gari haichemshi tena

Hapana. Ya baridi ni ile inayofunguka kwenye joto dogo kuliko ya kiwandani. Themostati inapanga joto la chini ambalo injini itafanyia kazi, la juu haina usemi nalo. Ndani yake mna nta, ile nta ikipata moto inatanuka inasukuma kipini, mlango unafunguka maji yanaenda rejeta. Ile namba iliyogongwa kwenye bati, tuseme 82 ambayo ndo utaikuta kwa Toyota nyingi, ni digrii inapoanza kufunguka, na ikifika kama 95 hivi ishafunguka yote. Baada ya hapo kazi yake imekwisha, yaliyobaki ni ya rejeta, feni na pampu. Sasa kama pikapu yako ukivuta boti kwa trela kutoka Mayungu inapanda mpaka 110, weka ya 82 weka ya 71, utafika 110 vilevile, tofauti yake utachelewa kufika dakika mbili tatu.

Alafu kuna hili watu hawalifikirii, gari zenye feni ya umeme zinaambiwa na kompyuta feni iwake lini. Kama imepangwa kuwaka karibu na digrii 100, ukiwa umekwama pale mjini nyuma ya tuktuk, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta, joto litapanda tu mpaka hapo feni inapowaka. Themostati yako ya baridi iko wazi toka zamani na haijasaidia kitu. Ndo maana wanaojua wakibadilisha themostati wanabadilisha na mpangilio wa feni pia, ukifanya moja ukaacha nyingine umechezea pesa.

Ukitaka kujua kwa nini inachemsha angalia haya kwanza: feni klachi, ile inayoishika feni injini ikipata moto (injini ikiwa moto sana na feni bado unaizungusha kwa kidole kama haina mwenyewe, basi imekufa, na hiyo unaijaribu injini ikiwa IMEZIMWA tafadhali), mfuniko wa rejeta, mikunjo ya rejeta iliyojaa mchanga na mbegu za nyasi, na lile kava la plastiki linalozunguka feni. Hilo kava mafundi wetu wakilitoa mara nyingi hawalirudishi, linakaa nyuma ya gereji miaka. Bila lile feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta kupitia rejeta. Mimi nikiona pikapu inachemsha kwenye foleni lakini kwenye barabara ya Mombasa inatulia, kitu cha kwanza nafungua bonneti naangalia feni na kava lake, themostati hata siigusi.

Dhana: Wamarekani wanafunga ya digrii 71 kwa hivyo inaongeza nguvu

Hii ina asili yake na si ujinga. Chukua Ford F-150 Lightning ya 1999 hadi 2004, ile ya V8 lita 5.4 yenye supachaja ya Eaton, ilitoka na nguvu ya farasi 360 na kuanzia 2001 ikawa 380. Petroli, hewa imesukumwa kwa nguvu, sasa silinda zikipata joto sana mafuta yanajiwasha kabla ya wakati wake injini inagonga. Kompyuta ikihisi joto limepanda inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha plagi kuwasha, kuokoa pistoni, na taimingi ikirudi nyuma nguvu inapungua. Kwa hivyo mtu anayeenda mbio za robo maili anafunga themostati inayofunguka mapema, 82 au 71 badala ya ile ya karibu 90 ya kiwandani, apate nafasi kidogo kabla haijaanza kugonga, na anafanyia kompyuta tyuni, yaani anaipanga upya, iendane nayo. Nguvu imetoka kwa tyuni. Themostati peke yake haikupi hata farasi mmoja wa kumhisi makalioni.

Tena kwenye hiyo Lightning maji ya intakula, kile kinachopoza hewa ya supachaja, yana mzunguko wake mbali, pampu yake, rejeta yake ndogo na tangi lake. Ukibadilisha themostati ya injini hewa inayotoka kwa supachaja hujaipoza moja kwa moja, ile intakula haina habari na themostati yako.

Sasa hapa kwetu pikapu nyingi za nguvu ni dizeli. Hilux, Land Cruiser, Ranger Raptor ile ya lita 2.0 yenye tabo mbili. Dizeli inajiwasha yenyewe kwa joto la mgandamizo, ndo kazi yake, haina shida ile ya petroli kujiwasha kabla ya wakati. Ukiipoza unapata moshi zaidi, inakunywa mafuta zaidi, na kama ina ule mtego wa masizi kwenye ekzosi basi unaweza kukataa kujisafisha manake injini haifiki joto linalotakiwa. Ukiwa na Raptor ya V6 ya petroli lita 3.0 hapo tunaweza kuzungumza, lakini hata hiyo kompyuta inajua ilitegemea joto gani, ikiona maji yamebaki chini muda mrefu inakuwashia taa ya injini na kodi P0128, na inaweza kuendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani injini bado haijapata moto. Ushauri wangu kwa gari ya kutembelea kila siku, usishuke chini ya 82. Ile 71 waachie wenye gari za mashindano.

Na oili nayo inataka moto. Ndani ya injini unaingia unyevu, kwa Pwani hii usiseme, na mafuta kidogo yanayopita pembeni ya ringi. Injini ikifika joto lake vile vitu vinageuka mvuke vinatoka. Ikikaa baridi, safari zenyewe ni kwenda sokoni na kurudi, utafungua kifuniko cha oili ukute mafuta mazito meupe yamegandia juu, mtu ashtuke kuwa hedi gasketi imekwenda kumbe injini haijapata moto mwezi mzima.

Dhana: Pwani kuna joto, themostati toa kabisa

Hii ndo baba lao. Utaambiwa na fundi mtu mzima anayeheshimika, "Mwanangu, hapa si Limuru, hiyo ya nini?" Na kweli baadhi ya gari ukiitoa mshale wa joto unashuka, mtu anaridhika.

Injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili kule chini. Ikiwa imefunga, maji yanazunguka ndani ya injini kupitia baipasi, ile njia ya mkato isiyopita rejeta. Ikifunguka, kile kisahani kinaenda kuziba baipasi ili maji yote yalazimike kupita rejeta. Sasa umeitoa, nani anaziba baipasi? Hakuna. Sehemu ya maji yanatoka kwa injini yanarudi kwa injini bila kuiona rejeta, na siku umebeba mzigo wa mawe kutoka Jaribuni gari inachemsha vibaya kuliko mwanzo. Mwenyewe anashangaa, anasema na themostati nishatoa. Ndo ulivyoitoa!

Kuna maelezo mengine yanayopendwa sana, kwamba bila themostati maji yanapita haraka mno kwenye rejeta hayapati nafasi ya kupoa. Si kweli, na wanaoirudia ni hata watu wenye vyeti. Maji ni mzunguko, yakipita haraka rejetani yanapita haraka na kwenye injini, na yanayokwenda kasi kwa jumla yanaondoa joto zaidi. Tatizo ni ile baipasi, na kwa injini ambazo themostati iko pale maji yanapotoka, ikiwa wazi inabana njia kidogo, presha ya maji ndani ya bloku inakuwa juu na maji hayapati kuchemkia kwenye sehemu za moto mkali pale karibu na valvu, ukiitoa unapoteza hilo.

Dhana: Themostati mpya kutoka boksini haina haja ya kupimwa

Ingekuwa zote ni za maana, sawa, lakini maduka yetu unayajua. Kupima hakuna gharama. Chukua uzi, fungua mlango wa themostati kwa kidole au bisibisi, pitisha uzi pale uachie uubane. Sasa itundike kwa huo uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini manake chini kuna moto zaidi, weka na kipimajoto cha jikoni, washa jiko taratibu huku unakoroga. Inaning'inia, inaning'inia, ghafla uzi unaachia tap! inaanguka. Soma joto hapohapo. Ya 82 ikianguka kwenye 80 au 84 ni nzuri, ikifika 90 bado inaning'inia rudisha dukani. Endelea kupasha mpaka karibu 95 uangalie imefunguka kiasi gani, milimita 8 au zaidi. Alafu iache ipoe uhakikishe inafunga yote.

Kufunga yenyewe injini iwe baridi kabisa, yaani ya tangu jana, watu wameungua uso kwa haraka ya kufungua mfuniko. Mwaga maji yashuke chini ya pale ilipo kava ya themostati, weka ndoo usimwage chini manake kulanti ni tamu na ni sumu, paka na mbuzi wanaramba. Kwangua gasketi ya zamani bila kuchimba aluminiamu. Springi inaangalia upande wa injini, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kwa injini nyingi kinakaa juu kabisa, hapo ndo hewa inapotokea. Bolti ni ndogo, zinaingia kwenye aluminiamu, usizikaze kwa hasira. Ukimaliza egesha pua ya gari ikiwa juu, fungua hita mpaka mwisho hata kama hujawahi kuitumia tangu ununue gari, jaza polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minya mpira wa juu mpaka mapovu yaishe. Gari nyingi "zilizoharibiwa na themostati mpya" ni hewa tu ilibaki ndani.

Dhana: Kulanti ni ya nchi za baridi, huku maji yanatosha

Maji gani? Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi. Chokaa inajenga ukoko ndani ya rejeta na chumvi inakula aluminiamu. Kulanti kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha digrii ya kuchemka, barafu tusahau. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi wala chokaa ya petroli stesheni (si asidi), bei yake ndogo. Usiweke kulanti tupu, yenyewe inabeba joto vibaya kuliko ikichanganywa. Na rangi si kipimo, kijani ya kampuni hii na kijani ya kampuni ile zinaweza kuwa vitu tofauti kabisa, soma maandishi ya nyuma.

Mfuniko pia usidharau. Ukiandikwa 1.1 maana yake unashikilia presha inayofanya maji matupu yachemke karibu digrii 120 badala ya 100. Mpira wake ukichoka hiyo faida yote imepotea, na gari "inachemsha" kwenye joto ambalo lilikuwa la kawaida tu.

Dhana: Mshale uko katikati, kila kitu sawa

Gari za siku hizi mshale umetulizwa makusudi, unakaa katikati joto likiwa 80 na linaweza kufika 100 na kitu haujasogea. Nunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari, usome joto kwenye simu. Utajifunza gari yako kwa wiki moja kuliko miaka yote umekaa nayo.

Zile nyingine za sevisi, haraka haraka. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si kwamba imeharibika, inabeba masizi ndo kazi yake, fuata kilomita na ukipita sana vumbi badilisha mapema. Kupuliza filta ya hewa kwa kompresa haiifanyi mpya, presha kubwa inatoboa karatasi, na baada ya njia ya Marafa au geti la Sala lile vumbi jekundu likipita linaenda kusaga mapanga ya tabo, ile inayosukuma hewa kwa injini. Zile filta za kupaka mafuta ukizidisha mafuta yanachafua sensa ya hewa, gari inaanza kukohoa unalaumu mafuta ya petroli stesheni. Plagi kwenye hedi ya aluminiamu usitoe injini ikiwa moto, na hizo V8 za Ford lita 5.4 za valvu mbili zina nyuzi chache hedini, zinajulikana kwa kutema plagi, kaza kwa spana ya kipimo. Gari ya tabo ukitoka kukimbia iache injini izunguke dakika moja mbili kabla ya kuzima, si nusu saa.

Na ukivuka lagga lenye maji, yaani mto wa msimu, watu wanaangalia oili ya injini wanasahau difu, ile sanduku ya gia kwenye ekseli. Difu ilikuwa moto, imeingia maji baridi, inavuta hewa kwa ndani na kama kijipumulio chake kimeziba inavuta maji kupitia sili. Fungua bolti ya juu utie kidole, ukiona rangi ya chai ya maziwa mwaga yote weka mpya, na kile kijipumulio ukisafishe au ukiongezee mpira ukipandishe juu kwenye chesisi, la sivyo mvua za mwezi wa nne utamwaga tena.