Ganzi ya neva baada ya upasuaji wa mawe ya figo

Mgonjwa akiambiwa atachomwa ganzi siku ya kutolewa jiwe la figo, wengi wetu hapa Tanga huifikiria ile sindano ya uti wa mgongo wanayochomwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, inayofisha miguu yote miwili. Ganzi ya neva ni kitu kingine. Hulenga neva chache za mgongo na ubavu, upande uliopasuliwa tu. Kwa kawaida miguu hubaki na nguvu zake, na faida yake kubwa huonekana mgonjwa akisharudi wodini.

Mawe haya si mageni kwetu pwani. Mvuvi au mbeba mizigo wa bandarini anashinda juani, jasho linamtoka, maji anakunywa kidogo, mkojo unakuwa mzito. Jiwe likizidi sentimita 2, mara nyingi hutolewa kwa kupitia mgongoni: daktari hutoboa kitundu cha kama sentimita 1 karibu na mbavu za mwisho, akapitisha bomba hadi ndani ya figo, akalivunja jiwe na kutoa vipande. Fernström na Johansson wa Uswidi walieleza njia hii mwaka 1976, nayo imewaepusha wengi na kovu refu la ubavuni. Lakini udogo wa kitundu usikudanganye. Bomba limepita kwenye ngozi, kwenye misuli, pengine katikati ya mbavu, hadi kwenye gamba la figo. Mara nyingi huachwa na mpira wa kutolea mkojo palepale, na mgonjwa akigeuka tu, unamkumbusha.

Hapo ndipo utamkuta mzee wa watu amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimebana ubavu, anapumua nusunusu. Muuguzi anamwambia, “Baba, vuta pumzi mpaka mwisho, halafu kohoa.” Anajibu, “Mwanangu, hapa pananikata.” Asipokohoa, makohozi yanakaa, sehemu ya chini ya mapafu haifunguki vizuri, na nimonia inapata nafasi. Tumelelewa kumsifu anayevumilia, lakini maumivu ya namna hii hayamfai mtu kuyavumilia. Yanamchelewesha kuinuka.

Neva zinazobeba sehemu kubwa ya maumivu hayo hutoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia pingili ya 10 ya kifua hadi ya 1 ya kiuno. Daktari wa usingizi huweka kifaa cha altrasaundi mgongoni, akatafuta msuli na mfupa kwenye skrini, kisha akaingiza sindano polepole huku akiitazama ncha yake. Ikifika, anasukuma dawa, mara nyingi bupivakeini, na kwenye skrini unaonekana utepe mweusi ukitanda na kuuinua msuli kutoka juu ya mfupa. Mbinu hii ya kuweka dawa chini ya msuli unaosimamisha mgongo ilielezwa mwaka 2016. Ipo nyingine ya zamani zaidi, inayoifikia neva pale inapochomoza kando ya uti. Hiyo ina nguvu, ila iko karibu zaidi na pafu, hivyo inataka mkono uliozoea. Dawa ikishafika, huzuia sodiamu isiingie ndani ya neva, na taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo.

Ganzi hii haimalizi kila kitu. Msokoto wa mrija wa mkojo na muwasho wa kibofu unaweza kubaki. Ndiyo maana mgonjwa hupewa parasetamo pamoja nayo, na mofini, dawa kali ya maumivu, kidogo ikihitajika. Mofini ikipungua, kichefuchefu, kufunga choo na kusinzia hupungua pia. Diklofenaki ya kujinunulia duka la dawa pale Ngamiani usiiguse bila daktari kuruhusu, kwa sababu inaweza kuliumiza figo lililotoka kupasuliwa.

Jambo ambalo ningependa kila familia ilijue ni hili: ganzi huisha, mara nyingi baada ya saa 6 hadi 12. Aliyechomwa saa sita mchana anaweza kuamshwa na maumivu usiku wa manane, wakati ndugu wamesharudi nyumbani. Vidonge vinywewe kwa saa zilizopangwa, hata kama mgonjwa bado hasikii kitu.

Dawa hupimwa kwa uzito wa mtu, maana ikiingia nyingi kwenye damu ni hatari. Midomo ikifa ganzi au ikichomachoma, masikio yakivuma au mdomo ukiwa na ladha ya chuma, sema papo hapo. Kabla ya sindano, mweleze daktari kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama una jipu mgongoni, au kama ganzi iliwahi kukudhuru, hata ile ya kung'olea jino.

Uwe unatibiwa hospitali ya Bombo hapa Tanga au umepewa rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, uliza mapema kama ganzi hii inapatikana. Inahitaji mashine na mtu aliyefunzwa. Pasipo na hivyo, daktari wa upasuaji anaweza kuchoma dawa ya ganzi kuzunguka kidonda na njia ya bomba kabla hajamaliza kazi.