Pikapu ya dizeli ya zamani: kabla hujamwambia fundi akufungulie pampu

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari huku Pemba tunaulizwa swali hili na watu wa kila aina, wavuvi wa Tumbe na Wesha wanaovuta boti za fiba kwa tela, wenye pikapu za kubebea magunia ya karafuu na mwani, mpaka wenye tela la tangi la maji. Gari yangu ya dizeli ni ya zamani, kilima kidogo tu inataka giya ya kwanza, nifanyeje ivute? Na anaeuliza mara nyingi keshapewa jibu na fundi wa mtaani, kwamba pampu ya dizeli ifunguliwe kidogo tu. Hiyo kidogo ndo inayotuletea hedi (vifuniko vya juu vya injini) zilizopasuka, kwa hiyo tuanze hapo hapo.

Gari nyingi za namna hii zilizopo visiwani ni Hilux zenye injini ya 3L (lita 2.8) au 5L (lita 3.0), na Land Cruiser za 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Zote zimetoka kiwandani bila tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini. Manake hewa inavutwa na pistoni yenyewe, hamna kinachoisukuma, na dizeli inaungua kwa kadiri ya hewa iliyoingia basi. Fundi akizungusha ile skrubu ya pampu dizeli inaongezeka, hewa ni ile ile. Siku ya kwanza utaona gari imechangamka kweli, kwa sababu kiwandani huwa wanabakisha nafasi ndogo, lakini ukishaipita hiyo kinachofuata ni moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli uliyoilipa pesa yako inatoka kwenye eksozi bila kufanya kazi. Na hapo moshi bado si tatizo kubwa. Tatizo ni joto.

Kwenye dizeli ukizidisha mafuta joto la ndani ya silinda linapanda, na linapanda haraka, unaweza kuwa unapanda kilima na tela nyuma umekanyaga mpaka chini, mshale wa kwenye dashbodi umetulia katikati kwa sababu wenyewe unapima maji tu na maji yanachelewa kupata habari. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Zinasalimika kwa sababu zinapozwa na oili na hewa mpya kila mzunguko, ila ukiziweka kwenye moto dakika kumi mfululizo habari inabadilika. Kwa 1HZ vile vyumba vidogo vya kuwashia mafuta ndani ya hedi ndo vinaanza kufanya nyufa. Ndo maana kama kuna kitu kimoja mtu akitaka kuongeza nguvu lazima akinunue mwanzo, ni geji ya joto la moshi, inafungwa kwenye manifoldi ya eksozi. Mafundi wengi wanachukulia nyuzi 700 (ikipimwa kabla moshi haujafika kwenye tabo, kama ipo) ndo mwisho wa kuvumilia, ikifika hapo toa mguu, shusha giya. Bei yake ukilinganisha na hedi mpya wala usiulize.

Sasa kabla ya hayo yote, gari yenyewe ipo sawa? Ng'ombe wa gari mwenye njaa humchapi, unampa majani kwanza. Injini iliyokula miaka ishirini na kitu haivuti kama ilivyotoka, na nguvu iliyopotea ni rahisi kurudisha kuliko kuongeza mpya. Filta ya hewa imejaa vumbi la kifusi. Filta ya dizeli haijabadilishwa, na maji yaliyokaa chini yake hayajamwagwa (hewa yetu ina unyevu mno, tangi likikaa nusu maji hayakosekani). Nozeli zinadondosha matone badala ya kupuliza ukungu, valvu hazijapimwa nafasi, klachi inateleza, au breki ya nyuma imeganda inaburuza gari siku nzima na mwenyewe analaumu injini. Pima kompresheni pia, yaani pistoni zinavyoibana hewa. Ikiwa silinda mbili zimechoka usitie hata senti kwenye tabo, fanya ovahoo kwanza au iache gari ibebe inachoweza. Na hizi injini tatu nilizozitaja zote zina taimingi belti, kama hujui ilibadilishwa lini basi ibadilishe.

Rejeta nayo. Visima vyetu vingi maji yake yana chokaa, ukijaza hayo miaka na miaka mirija inaziba ndani, tia kulenti (dawa ya rejeta). Halafu kuna tabia ya kutoa themostati (valvu inayofungulia maji yakipata joto) eti injini ipoe, jamani acheni, kwenye injini nyingi za Toyota ukiitoa maji mengine yanazunguka ndani tu bila kupita kwenye rejeta, unapata kinyume cha ulichotaka.

Nguvu ya kuvuta ambayo watu hawaitazami ipo kwenye difu, zile giya za kwenye ekseli. Hilux yenye difu ya 4.1 (shafti inazunguka mara 4.1 tairi izunguke mara moja) ukiifungia ya 4.556 unapata nguvu zaidi kwenye tairi kwa asilimia 11 hivi, bila kugusa injini, bila joto la ziada. Utapoteza spidi ya juu, lakini kutoka Chake mpaka Wete nani anataka 120? Kama ni foo wili ubadilishe difu zote mbili, mbele na nyuma, zisipolingana utavunja. Na spidomita itasoma zaidi ya mwendo wako wa kweli. Kinyume chake vijana wanafunga tairi kubwa kwa urembo, ukitoka inchi 29 ukaenda 31 umeshatupa asilimia 6 ya nguvu ya kuvuta, alaf unakuja kutuuliza kwa nini gari nzito. Wale wa kupandisha boti pwani msiisahau L4 (giya nzito ya foo wili), inazidisha nguvu zaidi ya mara mbili na umeshailipia siku uliyonunua gari. Kwenye mchanga tu lakini, sio kwenye lami kavu.

Tabo inawezekana, hatukatai, 1HZ zinafungwa tabo sehemu nyingi duniani. Iwe ya presha ndogo, psi 7 mpaka 10 (kipimo kile kile cha upepo wa tairi), kwa sababu injini yenyewe ina kompresheni kubwa, zaidi ya 22 kwa 1. Pampu irekebishwe ukiwa na geji mkononi, eksozi ipanuliwe, oili ibadilishwe mapema kuliko mwanzo. Intakula, ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, ikiwepo ni bora zaidi. Ukibadilisha injini nzima, namba yake ipo kwenye kadi ya gari, nenda ukairekebishe, na bima waambie, usije ukapata ajali madai yakakataliwa.

Lakini mie nnachokitilia mkazo kuliko tabo ni kusimama. Mwendo ukitoka 40 kwenda 80 breki zinabeba kazi mara nne, sio mara mbili. Ulaya tela ikizidi kilo 750 lazima iwe na breki zake, na huku fizikia ni ile ile. Uzito kwenye ndoano ya kuvutia tela uwe kama sehemu moja ya kumi ya tela na mzigo wake, tela na boti zikiwa kilo 1,200 basi kilo 120 zikae kwenye ndoano. Boti yenye mashine imening'inia nyuma inanyanyua ndoano na tela inaanza kuyumba, sogeza boti mbele au shusha mashine uitie ndani ya pikapu. Maji yaliyobaki ndani ya boti yamwage, lita moja ni kilo moja.

Na ukifika diko usiitumbukize tela baharini moja kwa moja. Hubu zimetoka barabarani za moto, zikikutana na maji baridi zinavuta chumvi ndani kwenye beringi. Subiri zipoe kwanza, ukirudi nyumbani zioshe kwa maji ya bomba na ukague grisi.