Kufumbua msimbo ni nini? Kisa cha shule moja ya Mombasa

Aliyekulia Pwani anakijua kinyume. Dada mkubwa anataka kumwonya mwenzake bila watoto kuelewa, basi anamwambia: "Nimge jaanaku." Silabi ya mwisho ya kila neno imerukia mbele, na "mgeni anakuja" imepotea masikioni mwa asiyeujua mchezo. Lakini mtoto naye ana masikio. Akikaa kibarazani siku kadhaa akisikiliza, akaona kwamba kila ikitajwa "tale icha" chai huletwa, kanuni anaipata mwenyewe, wala hakuna aliyemfundisha.

Alichofanya mtoto huyo ndicho kinachoitwa kufumbua msimbo: kuusoma ujumbe wa siri bila kupewa ufunguo wake. Ufunguo ni ile kanuni ambayo mtumaji na mpokeaji wamekubaliana. Mpokeaji halali hafumbui chochote, anafungua tu kama mwenye nyumba anavyofungua mlango wake. Mfumbuzi ni yule aliye nje, mwenye maneno yaliyovurugwa mkononi na kichwa chake tu. Wahenga walikwisha kumtaja: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua.

Njia kuu za kuficha maandishi ni mbili. Ya kwanza ni kubadili: kila herufi, silabi au neno linapewa alama nyingine, tuseme "ka" iwe 27 na "me" iwe 41. Ya pili ni kuhamisha: alama zinabaki zilezile ila zinapangwa upya, kama kwenye kinyume. Hii ya pili tuitazame kwa karibu, kwa sababu ndiyo itakayotupeleka Mombasa. Chukua ujumbe MELI INAFIKA KESHO, uuandike katika mistari ya herufi nne nne:

M E L I
I N A F
I K A K
E S H O

Sasa usiusome kwa mistari. Usome kwa safu, kutoka juu kwenda chini, ukianza na safu ya 3, kisha ya 2, ya 4 na ya 1. Unapata LAAHENKSIFKOMIIE. Hiyo 3-2-4-1 ndiyo ufunguo. Asiyekuwa nayo ataona takataka tupu.

Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, takataka za namna hiyo zilikuwa zikirundikana mezani katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Ilikuwa shule ya wavulana wa Kihindi, iliyopewa jina la mfanyabiashara maarufu aliyetoka Kachchh huko India na kutandaza maduka yake kutoka Pwani hadi Uganda. Jengo la kawaida la shule, linalotazama bahari. Jeshi la majini la Uingereza lililichukua na kuwaweka humo wafumbuzi wake wa misimbo ya Kijapani.

Walifika hapo kwa kukimbizwa. Kituo chao kilianzia Hong Kong katika miaka ya 1930, kikahamia Singapore mwaka 1939. Singapore ilipokaribia kuanguka mapema 1942, wakakimbilia Colombo, katika kisiwa cha Ceylon (leo Sri Lanka), ambako pia walipewa shule. Kisha tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, ndege za Japani zikaishambulia Colombo. Siku nne baadaye manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, Hermes, ikazamishwa karibu na kisiwa hichohicho. Sehemu ya meli za Waingereza zikarudi nyuma hadi bandari ya Kilindini, yenye kina cha kutosha kama jina lake linavyosema, na wafumbuzi wakaja nazo.

Mahali penyewe hapakuwa pazuri kwa kazi yao. Japani iko mbali mno na Mombasa, na mawimbi ya redio waliyotakiwa kuyanasa yalifika yakiwa hafifu. Msimbo huwezi kuufumbua kwa ujumbe mmoja au miwili. Unahitaji mwingi, kama yule mtoto wa kibarazani alivyohitaji siku kadhaa za kusikiliza. Kwa hiyo ajabu ni kwamba hapo Mombasa, penye usikivu mbovu, ndipo mmoja wa misimbo iliyowashinda wengi ulipovunjika.

Msimbo huo uliitwa JN-40, nao ulitumiwa na meli za biashara za Japani. Usilidharau neno biashara: meli hizo ndizo zilizobeba askari, mafuta na chakula kwenda visiwa vyote Japani ilivyoviteka. Wafumbuzi walidhani umejengwa kama misimbo mingine mikubwa ya majini ya Japani, yaani kitabu cha namba ambazo huongezewa namba nyingine za kupoteza maboya. Walikosea. JN-40 ilikuwa njia zote mbili kwa pamoja: kwanza kubadili kwa jedwali la namba 100 za tarakimu mbili mbili, kisha tarakimu hizo kuhamishwa kwa safu. Ukali wake ulikuwa hapo kwenye kuunganisha. Silabi moja imekuwa tarakimu mbili, halafu tarakimu mbili hizo zimetenganishwa, moja huku na nyingine kule.

Mnamo Septemba 1942 Mjapani mmoja akateleza. Ujumbe ulitumwa ukiwa na upungufu, ukatumwa tena ukiwa umekamilishwa, kwa ufunguo uleule. Ni kosa ambalo kila anayefundishwa kazi ya misimbo huonywa asilifanye. Kwa nini ni baya hivyo? Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme mtumaji amekumbuka kwamba hakutaja meli inafika wapi, akaandika upya MELI INAFIKA KESHO LAMU. Mstari wa tano unakuwa L A M U, na kwa ufunguo uleule inatoka LAAHMENKSAIFKOUMIIEL. Ziweke mbili hizo moja chini ya nyingine:

LAAH   ENKS   IFKO   MIIE
LAAHM  ENKSA  IFKOU  MIIEL

Ujumbe umejipasua wenyewe. Unaona safu ziko nne, na kila moja inaishia wapi. Herufi zilizoongezeka ni M, A, U na L. Mtu anayejua kidogo tu habari za mwambao huu hachukui dakika kuzipanga, na akishazipanga ana 3-2-4-1 mkononi. Si ujumbe huu tu alioupata, bali kila ujumbe uliofungwa kwa ufunguo huo.

Ya Mombasa hayakuwa mepesi hivi, maana chini ya safu kulikuwa bado na lile jedwali la namba la kulijenga upya, na lugha yenyewe ni Kijapani. Lakini mlango ulifunguka kwa namna hiyo. Kufikia Novemba 1942 walikuwa wakisoma ujumbe wote wa nyuma, na mpya kadiri ulivyonaswa. Katika majuma mawili yaliyofuata wakavunja mifumo mingine miwili, JN-167 na JN-152. Misafara ya meli za Japani ikawa inajulikana iendako, na anayejua meli iendako anaweza kuitangulia na kuisubiri.

Tusidhani hata hivyo kwamba kusoma msimbo mmoja ni kusoma yote. Kila tawi lilikuwa na mafumbo yake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Wakati huo wafumbuzi walikuwa wameshaondoka Mombasa. Hatari ilipopungua Colombo, walirudishwa huko mwaka 1943, mahali ambapo redio ilisikika vizuri zaidi. Allidina Visram ingali shule mpaka leo.