Neno georgeo halina jembe ndani yake

Jumapili iliyopita nimelisikia tena lile kosa la kupasua georgeo, kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kulima. Mhubiri kaandika ubaoni ge, kaandika ergon, kaweka alama ya kujumlisha katikati. "Ge ni udongo, ergon ni kazi. Wewe ni udongo, na Mungu akikupenda lazima akuchimbue kwa jembe!" Watu wakaitikia amina. Dada aliyekaa mbele yangu aliyaandika yote kwenye daftari, akayapigia mistari miwili. Nafundisha Kiyunani, na daftari la namna hiyo hufika darasani kwangu kila muhula. Nimechoka kulisahihisha kwa mwanafunzi mmoja mmoja.

Kwamba neno georgos, yaani mkulima, limetokana na ge na ergon, hilo halina ubishi. Kosa ni kudhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake. Mwanasheria si mtoto wa sheria, na baraza la mawaziri halikutani kibarazani. Sisi wenyewe tunayasema maneno hayo kutwa bila kuyapasua vipande, na Wayunani walifanya vivyo hivyo na ya kwao. Ushahidi upo katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kiyunani. Mwanzo 9:20, Nuhu anaitwa anthropos georgos ges, mtu mkulima wa ardhi. Wameliongeza neno ardhi! Kama msikilizaji wa wakati ule angeisikia ge ikilia ndani ya georgos, ya nini kuirudia?

Georgeo ni kulima kwa ile maana pana tuliyonayo hata sisi. Ukisema mzee fulani wa Moshi analima kahawa, hakuna anayemwona akishika jembe kila asubuhi. Mibuni ipo miaka na miaka. Kazi yake ni kupogoa, kuondoa machipukizi, kupalilia, kutia mbolea, kuchuma. Yote hayo ni kulima kahawa. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mkulima, alilielewa hili kwa dakika moja, wakati wenzake wangali wanapekua kamusi.

Sasa fungua Yohana 15:1, Yesu anaposema, "Baba yangu ndiye mkulima," yaani georgos. Mkulima huyo anafanya nini? Usikisie, soma aya ya pili. Kuna vitenzi viwili: airei, huondoa, na kathairei, husafisha. Vinafanana kwa sauti, na Yohana anavipanga makusudi. Tawi lisilozaa huondolewa, tawi lizaalo husafishwa, yaani hupogolewa ili lizidi kuzaa. Jembe halipo, udongo haupo, na wanafunzi ni matawi. Ushauri wangu kwa kila mhubiri ni ule ule: kabla hujafungua kamusi, pigia mstari vitenzi vya aya inayofuata.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lina watu nyuma yake. Nimekaa na mama aliyefiwa na mtoto, akaambiwa msibani kwamba Mungu "anamlima", na kwamba Kiyunani ndivyo kinavyosema. Kiyunani hakisemi hivyo.

Kitenzi chenyewe georgeo kimo mara moja tu katika Agano Jipya, Waebrania 6:7, nacho kiko katika kauli ya kutendwa: nchi huzaa "mboga zenye manufaa kwa hao ambao kwa ajili yao yalimwa." Hapa Kiswahili cha zamani kinawakwaza wengi. Yalimwa ni i-a-limwa, yaani nchi inalimwa. Si mboga, mboga zingekuwa zalimwa. Nchi inakunywa mvua, inalimwa, inazaa, na baraka inaipata nchi hiyo hiyo. Mshika jembe hata hatajwi. Pigo linalotajwa liko aya ya 8, nalo ni kwa nchi itoayo miiba na magugu, wala si sehemu ya kulima.

Wapo wanaosema kila penye "lima" katika Biblia ya Kiswahili nyuma yake kuna georgeo. Sivyo. Luka 17:7 na 1 Wakorintho 9:10 kuna arotriao, kulima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, na Luka 9:62 anatajwa mtu aliyeshika plau yenyewe, arotron. Mwanzo 2:15, Adamu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza, Septuaginta inatumia ergazesthai, kufanya kazi, basi.

Wengine hulifanya georgos kuwa jina takatifu la Mungu. Neno hilo limo mara 19 katika Agano Jipya, na mara 16 kati ya hizo ni wale wapangaji wa shamba la mizabibu katika mfano wa Yesu, waliowapiga watumwa na kumwua mwana. Jina Joji nalo limetoka hapo. Maana yake ni mkulima, si muua joka kama katika hadithi ya Mtakatifu Joji.

Na georgion ya 1 Wakorintho 3:9, "ninyi ni shamba la Mungu", isisomwe bila aya ya 6: Paulo alipanda, Apolo akatia maji, Mungu akakuza. Kazi ya shamba imegawanywa, na mtume mwenyewe kapewa sehemu yake.

Anayetaka kwa dhati kuhubiri jembe ninampeleka Luka 13:8. Neno la pale ni skapto, kuchimba hasa, na mchimbaji haitwi georgos, anaitwa ampelourgos, mtunzaji wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba keshaamua mtini ukatwe. Mtunzaji ndiye anayeuombea mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka, kisha autilie samadi.